Taa ya Tangi la Mwalimu

Nyaramba,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa mwenye duka la taa na vifaa vya stima,
Barabara ya kwenda hospitali, Kisii.

KUH: TAA YA TANGI LA SAMAKI

Bi. Apondi,

Hunijui, nami jina lako nimelisoma tu juu ya mlango. Naitwa Ochoki. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha chai, upande wa mashine za kukaushia. Mashine zile zilinipa pensheni, zikachukua masikio. Simu ninayo, lakini mtu akinipigia nasikia mvumo tu, kama nyuki. Ndiyo maana naandika. Barua hii inaletwa na jirani yangu Duncan Momanyi, anayeuza ndizi sokoni Kisii kila Jumanne na Ijumaa. Jibu mpe yeye. Siku ya Sabato hasafiri hata ukimlilia.

Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka mke wangu kliniki. Nikaona dirishani mwako tangi la samaki lenye majani mabichi kuliko chai yangu, na taa juu yake inawaka mchana. Nilitaka kuingia lakini mke wangu alikuwa ananingoja ndani ya gari.

Sisi pia tuna tangi, na mwenyewe ni yeye. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na lile tangi lilikaa darasani kwake miaka mingi, la kuwaonyesha watoto jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Alipostaafu walilisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani. Lina samaki wadogo sita na majani ya ziwani aliyoyapanda kwenye mchanga. Mwezi wa kwanza stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, ikaunguza taa yake. Tangu hapo majani yanageuka manjano na kuoza.

Mpwa wangu aliniulizia bei Nairobi. Shilingi elfu tisa na mia tano, taa moja. Kwa pesa hiyo napata mbuzi mwenye mimba, na mbuzi hali stima.

Mke wangu siku hizi hajisikii vizuri. Anashinda sebuleni, na kitu anachotazama ni hilo tangi peke yake. Sitaki majani yafe mbele ya macho yake. Nimefanya ninachojua. Nimefunika tangi juu kwa neti nyeusi ya kitalu, kama tunavyofunika miche ya chai iliyo dhaifu, na nimetia kijiko kimoja cha mbolea ya chai. Maji yamegeuka kijani. Majani bado ni manjano.

Niambie kama kuna taa ya bei ya mtu wa kawaida. Tafadhali usiniuzie mbuzi ndani ya gunia.

Ni mimi,
Ochoki Mokua


Kisii,
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mzee Ochoki,

Salamu kwako na kwa Mama. Momanyi alifika na mkungu begani na barua yako ameishika kwa meno. Nina miaka sita katika duka hili na hakuna aliyewahi kuniandikia barua isipokuwa watu wa leseni. Kwa hiyo nimeisoma yako nimesimama.

Kwanza nakuomba, kama mtoto anavyomwomba mzazi, toa hiyo neti leo. Mche wa chai unafunikwa kwa sababu jua lingeuchoma kabla haujashika mizizi. Majani ya ndani ya maji hayachomwi na jua la sebuleni. Yana njaa ya mwanga, na wewe umeyafungia mlango ukaweka na komeo. Mbolea nayo, Mzee wangu, imeulisha ule ukungu wa kijani, majani hayajaonja, na samaki wanaumia. Toa theluthi ya maji, ongeza ya chemchemi yaliyokaa kwenye ndoo siku nzima. Rudia kila baada ya siku mbili mpaka yawe safi.

Sasa taa. Ile ya elfu tisa si mbaya, ila nusu ya bei ni jina na kasha, na jani halijui kusoma jina. Jani linataka mwanga wa kutosha, wenye weupe wa mchana. Balbu za kawaida za LED zinatosha ukijua kusoma kasha. Ukiona 3000, huo ni ule mwanga wa njano wa hotelini, unaopendezesha chapati. Tafuta palipoandikwa 6500. Halafu usihesabu wati, maana wati ni stima inayoliwa. Hesabu lumeni, ndiyo mwanga wenyewe. Kwa majani yasiyo na makuu kama ya ziwani, tangi dogo linatosheka na lumeni elfu moja na mia sita hivi.

Nipimie urefu, upana na kina. Niambie pia tangi liko wapi na Mama anakaa wapi, taa isije ikampiga machoni. Na anaumwa nini? Siulizi kwa umbea. Mtu akikaa mbele ya taa kutwa, mwuzaji wa taa lazima ajue.

Asante kwa kusifu majani yangu.

Binti yako wa stima,
Valarie Apondi


Nyaramba,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Bi. Apondi,

Neti nimeitoa, ingawa nilibishana nawe njia yote ya kwenda shambani. Maji nimebadilisha mara mbili. Samaki mmoja alikuwa amekufa. Nilimzika chini ya mgomba kabla Mwalimu hajaamka, kwa hiyo sasa ni watano, na ukimwandikia mtu mwingine habari hizi useme ni sita.

Urefu futi mbili, upana futi moja, kina futi moja. Mwalimu anakaa kwenye kiti chake, tangi liko mbele yake hatua tatu. Dirisha liko mbali. Mlango uko nyuma yake, upande wa kulia, na huwa wazi mchana kutwa. Nikitoka kuchuma chai saa saba kuja kupika, naingilia mgongoni kwake. Vivyo hivyo saa kumi na mbili nikirudi kutoka kituo cha kununulia chai. Mke wa Momanyi hukaa naye nikiwa sipo.

Umeuliza ugonjwa. Ni kiharusi, kilimpata tarehe kumi na nne Januari. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwenda. Sharon, dada wa mazoezi anayekuja kutoka hospitali, amesema jambo la kwanza ni Mwalimu ageuze shingo kulia, autazame upande ule, la sivyo shingo itakazana hivyo hivyo na mwili utausahau ule mkono. Anaweza, Sharon amepima. Mwalimu hataki. Tukimgeuza kwa mikono anafumba macho.

Tangu siku ile hajanitazama usoni hata mara moja. Tumeoana miaka thelathini na nane. Anatazama tangi tu. Basi ukiona mzee anasumbua watu kwa ajili ya majani ya maji, ujue ni hivyo. Nikilipoteza hilo tangi sijui nitakuwa nimebaki na nini cha kumshika.

Ochoki


Kisii,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mzee wangu,

Pole sana. Pole kwako na kwa Mwalimu. Barua hii imechelewa kwa sababu nina jambo la kuungama, na kuungama kunahitaji maandalizi.

Yale majani uliyoyaona dirishani mwangu ni ya plastiki. Nilinunua fungu zima kwa mchuuzi, na huyasafisha kwa sabuni kila mwezi. Uliposema ni mabichi kuliko chai yako nilifurahi nikanyamaza. Mambo niliyokuandikia kuhusu 6500 ni ya kweli, lakini niliyajua kutoka kwenye makasha na kwa wateja wawili watatu. Kwa macho yangu sikuwa nimeona jani hata moja likiota ndani ya maji. Barua yako ya pili ilipofika roho ilinisuta, maana wewe unajenga juu ya neno langu.

Basi nilitoa plastiki zote. Nikamwomba mama yangu kule Kendu Bay anitumie majani ya ziwani kwenye ndoo. Akauliza kama biashara imeniharibikia hadi nimeanza kula magugu. Nikagawa tangi langu kwa kadibodi, upande mmoja balbu ya njano, upande wa pili nyeupe ya 6500, zikiwaka kwa muda wa saa saba kila siku. Siku ya tisa, upande wa njano majani yapo tu, hayaendi mbele wala nyuma. Upande mweupe yametoa vichwa vipya, na saa nane mchana yanatoa vitone vya hewa vinapanda juu, vimejipanga. Nilimwita Abner, fundi wa mabati wa jirani, aje aone, na tukakosa wateja nusu saa nzima.

Abner amekata kipande cha mfereji wa mvua, futi mbili kasoro, akapaka rangi nyeupe ndani ili mwanga usipotee juu. Ndani nimefunga holda mbili na balbu mbili za wati tisa. Pamoja na kazi ya Abner ni elfu moja na mia moja. Majani ya mama yangu yamo kwenye gazeti lenye maji, hayo hayauzwi.

Weka kioo juu ya tangi kwanza, halafu taa juu ya kioo. Waya uache ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiteremka lidondoke sakafuni, lisiifuate stima. Washa saa tatu asubuhi, zima saa kumi. Ukizidisha saa hutapata majani zaidi, utapata ule ukungu tu. Hata majani yana Sabato yao.

Kama umekasirika kuhusu plastiki, sema.

Apondi


Nyaramba,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Binti yangu Apondi,

Kuhusu plastiki nilicheka mpaka Momanyi akadhani bonasi ya chai imekuja mapema. Mbuya mono, ndivyo tunavyoshukuru huku. Pesa anayo yeye, na mkungu mmoja ni wako. Nusu mpe Abner, ana mkono mzuri.

Taa inafanya kazi. Majani ya mama yako yameshika mchanga, na vile vitone vya hewa nimeviona. Nilivuta kigoda nikakaa kuvitazama kama mtoto wa darasa la nne. Maji sasa ni safi.

Lakini Mwalimu hataki taa.

Siku ya kwanza mke wa Momanyi aliiwasha saa tatu kama ulivyosema. Mwalimu alishtuka. Niliporudi saa saba alikuwa analia. Analia bila sauti siku hizi, machozi tu. Nikadhani ni furaha, nikamfuta, nikampikia. Kesho yake, nilipoingia na kikapu, alikuwa amefumba macho na hakuyafungua mpaka taa ilipozimwa. Ilipozimwa akatulia. Saa kumi na mbili nilimkuta ametazama tangi kimya kimya kama zamani. Imekuwa hivyo wiki nzima. Taa ikiwaka amefumba, ikizimwa amefumbua.

Nilinunua taa ili awe na kitu kizuri cha kutazama, na sasa nimemnyang'anya kile alichokuwa nacho. Je, mwanga ni mkali mno kwa mtu aliyepigwa kiharusi? Au nimefunga vibaya? Niambie ukweli, hata kama ni wa plastiki.

Ochoki


Kisii,
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Mzee wangu,

Hujafunga vibaya, Momanyi amenieleza ilivyokaa. Huenda ni ukali. Jaribu hivi, moja baada ya jingine, siku tatu tatu ili ujue kilichosaidia. Toa balbu moja, majani ya mama yangu yatavumilia wiki kadhaa kwa nusu ya mwanga. Halafu inua mfereji kiasi cha shubiri moja kwa vipande vya mbao. Halafu kata karatasi ya kuokea keki uiweke chini ya balbu, juu ya kioo, mwanga utalainika. Mwisho, bandika ukanda wa kadibodi ukingoni upande wake, asiione balbu yenyewe, aone maji tu.

Na jambo jingine, unisamehe nikikosa adabu. Umeniandikia habari za mbolea, za neti, za shubiri na za holda. Umeniambia anavyofumba na anavyofumbua. Hakuna mahali umeandika kwamba umemwuliza. Maneno yake yamepotea, lakini masikio yake hayajapotea, na kichwa cha mwalimu wa sayansi hakiwezi kushindwa kusema ndiyo au hapana. Zunguka, kaa mbele yake, umwulize taa ina shida gani. Kuuliza si ujinga.

Abner anasema ndizi zilikuwa tamu kuliko pesa.

Apondi


Nyaramba,
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Binti yangu,

Nimetoa balbu moja. Nimeinua shubiri. Nimeweka karatasi na kadibodi. Sebule sasa ina mwanga kidogo kuliko jiko la kuni. Bado anafumba macho, na jana alilia tena niliposhusha kikapu mlangoni. Ijumaa nitaitoa taa nikurudishie kwa mkono wa Momanyi. Majani yatakufa na sitaki uone umefanya kazi bure, kwa hiyo nimekuambia mapema.

Umeniambia nimwulize. Sikukasirika, lakini siwezi, na nitakuambia kwa nini. Haya sijamwambia mtu, hata pasta.

Siku ile alianguka jikoni. Mimi nilikuwa sebuleni nasoma gazeti, na jiko letu limetenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao. Ni hatua kumi. Aliniita. Najua aliniita kwa sababu mke wa Momanyi alimsikia kutoka shambani kwake, ng'ambo ya ua, akaacha jembe akaja mbio. Alinipita mlangoni nikiwa nageuza ukurasa. Nilimwuliza anakimbilia nini. Tulipomkuta Mwalimu sakafuni alikuwa bado anafumbua mdomo kuita, na sauti ilikuwa imeisha.

Daktari alisema kama tungewahi zaidi huenda mkono ungepona. Hakusema kwa ubaya. Tangu saa ile Mwalimu hajanitazama, nami sihitaji kuuliza sababu. Angekuwa ni mimi nimelala pale naita mtu aliye hatua kumi, haji, nisingemtazama pia.

Sasa niketi mbele yake nimwulize habari za taa? Kuna swali jingine mbele ya hilo, na jibu lake ninalijua. Naandika hapa mezani, yeye yuko kwenye kiti chake amefumba macho. Taa inawaka na majani ya mama yako yamefika nusu ya tangi.

Ochoki


Kisii,
Jumanne, 15 Aprili 2025

Mzee wangu,

Momanyi amesimama hapa ananingoja nimalize, kwa hiyo ni fupi.

Nimeisoma barua yako nikafunga mlango wa duka nikakaa chini ya kaunta. Mimi nauza balbu, sina kifaa cha jambo hilo. Ila nitakuambia ninavyoona. Masikio yako hayakupotea kwenye ulevi wala kwenye starehe. Yaliisha mbele ya zile mashine, ukiitafutia nyumba hiyo hiyo chumvi na karo. Mwalimu aliishi na hayo masikio miaka yote, anayajua kuliko wewe.

Pengine ana hasira, sijui. Lakini wewe umemhukumu kwamba anakuhukumu, na kesi hiyo yeye hajasikizwa. Taa iache wiki moja zaidi. Ikishindikana ilete, pesa yako nitakurudishia yote na ya Abner nitaibeba mimi.

Mama yangu anawaombea, kwa Kijaluo, na amesema Mungu atatafsiri.

Apondi


Nyaramba,
Alhamisi, 17 Aprili 2025

Binti yangu Apondi,

Taa haiji. Usiitarajie.

Jana saa saba nilirudi kutoka shambani. Mvua ilikuwa imeninyeshea, kikapu kiko mgongoni, maji yanadondoka sakafuni. Taa ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimetangulia kutazama chini, kama ninavyoingia siku hizi, ili nisimwone akifumba macho. Mke wa Momanyi akanishika mkono, akanionyesha kwa kidevu.

Mwalimu alikuwa anageuza shingo, upande wa kulia. Hakuna aliyemshika. Aligeuza kidogo, akapumzika, akageuza tena, jasho limemtoka kwenye paji la uso. Mke wa Momanyi alitaka kumsaidia nikamzuia. Sijui ilichukua muda gani. Mwisho alinifikia, akanitazama usoni, na hakufumba.

Nilisimama na kikapu changu. Mdomo wake umekwenda upande, sikuwa nimeuona vizuri tangu Januari. Nilimwambia, "Mwalimu, karibu nyumbani," halafu nikaona aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kutoka nje. Yeye alicheka kwa upande ule mmoja. Nimelia, nakuambia wazi, na nimelia mbele ya mke wa jirani.

Jioni alirudia, na leo asubuhi pia. Sharon amekuja akapiga makofi. Nadhani ni lile jani jipya, kuna moja limefika juu ya maji na limelala usoni mwa tangi. Lazima ndilo lililomfurahisha mpaka akapata nguvu. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kuhusu 6500. Nimerudisha balbu ya pili, na karatasi yako ya keki nimeitupa.

Sijamwuliza lile swali. Nadhani silihitaji tena, ila sielewi limekwendaje.

Mzee wako,
Ochoki


Nyaramba,
9 Juni 2025

Mpendwa Apondi,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimeanza Alhamisi, leo ni Jumatatu. Usinicheke mwandiko. Nilikuwa nikiwachapa watoto kwa mwandiko kama huu.

Maneno yanarudi, machache kwa siku. Haya nimeyawekea akiba kwa ajili yako.

Mzee anafikiri niligeuka kwa sababu ya jani. Mwachie jani lake. Wewe nitakuambia, kwa sababu taa ni yako.

Tangi lisilo na taa ni giza ndani. Kitu chenye giza ndani, na mlango wenye mwanga nyuma yako, ni kioo. Hilo ni somo la darasa la saba. Tangu Januari nilikuwa namwona yeye humo. Akiingia na kikapu. Akikung'uta matope kwenye gambuti. Akisimama mlangoni akinitazama kisogo kabla ya kusema kitu. Majani sikuyaona, mwanangu. Yangeoza yote nisingejua.

Sikutaka kugeuka anione. Uso wangu ulikuwa umekwenda upande na mate yalinitoka. Alioa msichana aliyesimama mbele ya darasa. Kwenye kioo nilikuwa na yeye, na yeye hakuwa na uso huu. Ilinitosha.

Halafu taa yako ikaja. Ukiwasha ndani, kioo kinakufa, unaona maji. Nilimpoteza siku hiyo. Ndiyo nikalia. Taa ikizimwa, saa kumi na mbili nilimpata tena. Yeye akabandika kadibodi.

Jambo ambalo hakuna aliyekuambia. Mzee wetu hasikii, kwa hiyo hajui anavyoandika. Anaandika kwa sauti. Kila neno analitamka, kwa nguvu, kama mtu anayeita ng'ombe. Na barua zako anazisoma vivyo hivyo. Nimezisikia zote. Samaki wa sita pia.

Ile Jumatatu alipoandika habari za jikoni, nilikuwa kwenye kiti nimefumba macho. Nilisikia kwamba miezi mitatu anadhani nimemnyima uso kwa sababu ya hasira. Sikuwahi kumkasirikia hata dakika moja. Mimi nilipomwita nilijua hatasikia. Nilimwita kwa sababu ndilo jina linalonijia nikiumia.

Mdomo wa kumwambia sikuwa nao. Kioo kilikuwa kimekufa. Palibaki shingo. Siku mbili nilijaribu mke wa Momanyi akiwa nje, ikauma sana. Jumatano ikakubali.

Sasa nimemwambia kwa mdomo. Ilibidi nimshike sikio nipige kelele, na neno lenyewe lilitoka nusu. Alielewa. Alikwenda nje akapanga kuni zilizokuwa zimepangwa.

Nina ombi. Mimi ni mvivu na uso bado haujarudi mahali pake. Ikifika jioni na taa imezimwa, kioo kinanirudia, naanza kumtazama humo badala ya kugeuka. Kwa hiyo nimemwonyesha kwa vidole kwamba tubadilishe saa za taa. Iwake saa sita mchana, izimwe saa moja jioni, iwe bado inawaka akirudi kutoka kituoni. Atakuandikia kukuuliza kama majani yatakubali.

Mwambie yatakubali.

Mwalimu Bonareri